Krona Zangu kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba

Asilimia moja! Chai imepoa naiangalia hiyo moja. Wanorwe ninaowachorea makabati ya jikoni wametuma malipo ya kwanza, ya miezi mitatu kwa mkupuo, krona kibao. Halafu Gocha ananiambia nikajiandikishe ofisi ya kodi hapa mjini Kutaisi, niwape asilimia moja kila mwezi, nilale usingizi. Gocha ndiye aliyemuoa Maka, mdogo wake mke wangu. Naye analipwa kutoka nje, naye analipa kodi, tena anajisifia. Boya!

Mimi nimegundua jambo. Pesa usiyoibadilisha si pesa. Nani hapa Kutaisi amewahi kununua kitunguu kwa krona? Zikae hivyo hivyo, zipande bei, kisha nizibadilishe zote siku moja, nilipie amana ya kununua ile nyumba yenye baraza. Nestani, mke wangu, anaiota. Tunaishi na watoto wetu kwa mama yake, na mtaa mzima unaniita mwanamume aliyeolewa. Mwenye nyumba anataka amana kabla mwezi haujaisha.

Jumatano, 8 Oktoba

Sikulala. Gocha kasema ofisi inahesabu kwa bei ya siku pesa ilipoingia, ubadilishe usibadilishe. Wizi wa mchana!

Lakini wazo limenijia bafuni. Pesa ziende kwa jina la mama mkwe! Bi Tsiuri ni mstaafu, ana presha, ana paka. Nani atamdai kodi bibi kizee? Nimehamisha zote, na Wanorwe nimewapa namba ya akaunti yake.

Nilitaka kumweleza kuwa ni za kutunza tu. Nikaanza: mama, kuna pesa kidogo benki. Akanikumbatia. Akalia. Akasema kumbe Mungu alimwekea mtoto wa kiume uzeeni. Kabla sijafungua mdomo tena alikuwa ngazini anawatangazia majirani. Ningesemaje? Nimekula mkate wa jibini vipande vitatu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenihesabia.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimemuuliza mama mkwe, kwa kuzungukazunguka, kama benki ni kwema. Kasema pesa iko kazini. Kazi gani? Katabasamu tu. Sijalipenda lile tabasamu.

Nestani naye anauliza amana. Nimemwambia nangoja krona ipande. Krona imeshuka. Kaniangalia, akaenda kukunja nguo.

Jumanne, 21 Oktoba

Mungu wangu! Mtu wa kodi kaona krona kwenye akaunti ya mama mkwe, kampigia simu, anauliza mstaafu wa shule ya chekechea anamfanyia nani kazi huko Norwe. Mwingine angekata simu. Yeye kamwalika chai! Nimerudi nimemkuta bwana mwenye miwani anakula mkate wa jibini, na Bi Tsiuri anamwonyesha michoro yangu mmoja mmoja, anamsifu mkwe wake.

Bwana mpole kabisa. Kaniambia kwa kuwa sikujiandikisha, ile asilimia moja hainihusu. Nikashukuru, nikampa mkono. Akasema yangu ni ishirini.

Ishirini! Nikaketi, kumbe nimemkalia paka.

Jumamosi, 25 Oktoba

Leo nimejikaza kiume. Nimemwomba mama mkwe krona zangu zote, nilipe kodi, kinachobaki kiwe amana. Akavaa koti, akaita teksi. Tukaenda makaburini.

Jiwe jeusi linalong'aa, refu kuliko mimi. Uzio wa chuma. Meza ya kuandalia wageni, na mabenchi. Fundi kalipwa nyongeza, kafanya kazi usiku na mchana. Juu ya jiwe wamechongwa marehemu baba mkwe, mama mkwe mwenyewe, na mimi! Mzima mzima, nimevaa suti, nimenenepeshwa. Nestani hayupo. Eti ataongezwa krona zikija.

"Mwanangu, nimekuweka kulia kwangu," akasema. "Ulikuwa unahangaika na nyumba. Hapa pako, hakuna wa kukufukuza."

Nikauliza zimebaki ngapi. Akasema bado tunadaiwa mabenchi.

Nikalia. Sijawahi kujililia makaburini. Mama mkwe akadhani ni furaha, akanipa leso.

Alhamisi, 6 Novemba

Nyumba yenye baraza imeuzwa. Kwa Gocha! Nestani kaenda kumsaidia Maka kupanga vyombo, kachukua na watoto. Kachukua na mito yao. Mito, jamani! Mlangoni aliniambia neno moja tu.

"Jumberi, nifuate ukiwa na risiti ya kodi. Ukija na wazo, nitafunga mlango."

Nimeumia. Chumba ni kikubwa ghafla, na sijui watoto wanalala saa ngapi huko. Gocha kapiga simu, kwa upole unaokera, kasema atanipeleka ofisini kwa gari lake, nipange deni nilipe kidogo kidogo, nijiandikishe, kuanzia hapo ni asilimia moja. Nimemwambia asante, nina shughuli.

Kwa sababu kosa langu nimeliona. Kosa ni pesa. Pesa inaonekana! Wiki iliyopita niliwaandikia Wanorwe wasinitumie tena hata krona moja. Wanilipe kwa makabati. Nani duniani anatoza kodi kabati? Walikubali upesi ajabu, waungwana wale. Lori la kwanza limeshafika mpakani. Watu wa forodha wananipigia simu tangu asubuhi, sijui wanataka nini. Nimewapa namba ya mama mkwe.