Bahasha Zinazokopeshana

Jumatatu, 3 Juni

Bwana Taratibu kaja na futikamba. Kapima mashine yangu ya fotokopi: urefu, upana, kimo. Kisha kapima mlango. Kasema pole kwa usumbufu. Huyu mkopeshaji hajawahi kupandisha sauti hata siku moja, ndiyo maana namwogopa.

Hesabu iko hivi. Nilikopa laki moja na ishirini. Leo ni laki moja na themanini. Mwisho Jumamosi, saa sita mchana. Dhamana ni mashine. Ikiondoka, nabaki na chumba chenye meza, stepla na kalenda.

Mke wangu hajui. Anajua nilinunua rimu hamsini za karatasi kwa sababu bei ilikuwa inapanda. Hajui ilikuwa pesa ya nani. Siku tisa baadaye bei ikashuka. Hilo nalo ni kosa langu?

Kinyozi wa chumba cha pili alisimama mlangoni kwake muda wote, akifuta mkasi ambao haukuwa na uchafu wowote. Akauliza, jirani, unahama? Nikamwambia nafanya ukarabati. Ananidai elfu sita tangu mwezi wa pili. Hazitaji, ila nazisoma machoni mwake.

Mashine hii sikupewa na mtu. Miaka sita nilitoa nakala kwenye mashine za watu, moja moja, hadi nikanunua yangu. Haitoki.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kuomba ushauri. Mimi! Kwa shemeji, dada mkubwa wa mke wangu, karani mstaafu wa chama cha akiba na mikopo. Ana miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukutazamia wewe.

Akaniambia niandike madeni yote. Nikaandika matatu. Akavaa miwani ya kunitazamia. Nikaongeza la kinyozi. Akaisukuma miwani juu ya pua. Kutazama kule amesomea. Tukafika saba. Hapo akauliza elfu kumi zake za mwaka jana ziko wapi kwenye orodha. Nikamweleza kwamba hizo ni mambo ya kifamilia, si deni. Akaziandika mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, namba nane.

Kisha akatoa mashauri. Nigawe pesa kwenye bahasha, kila bahasha na kazi yake. Nisikope tena, hata mia. Niende kwa Bwana Taratibu leo hii, si Jumamosi, nikiwa na chochote mkononi, nimwombe anigawie malipo kwa wiki. Tena niende na mke wangu. "Mashine inalisha nyumba nzima, shemeji. Mwenzio ana haki ya kujua."

Nikamshukuru sana. La bahasha nimelichukua. Hayo mengine ni ya watu wasiojua hesabu.

Jumatano, 5 Juni

Bahasha tano, mwandiko safi, rula. Nimegawa elfu arobaini na nne zote nilizonazo: Chakula tisa, Kodi kumi, Ada nane, Wino tano, Taratibu kumi na mbili. Nikazipanga kwenye droo. Mtu angeziona angedhani ni benki.

Saa nne wino ukaisha katikati ya barua ya mteja. Wino mpya elfu kumi na tatu. Bahasha ya Wino ina tano. Shemeji kasema nisikope. Lakini mimi sikukopa! Bahasha ya Wino ndiyo iliyokopa, elfu nane, kutoka kwa Kodi. Nikaandika kikaratasi, nikakitia ndani ya Kodi. Riba asilimia kumi kwa siku, kwa kuwa biashara ni biashara hata ndani ya droo.

Mauzo elfu sita. Yote kwenye bahasha ya Taratibu.

Saa tisa Bwana Taratibu kapita na mwenye mkokoteni. Wametazama ngazi zangu mbili za mlangoni, wakashauriana kwa sauti ya chini kama madaktari. Akasema pole, akaondoka. Mwenye mkokoteni alibaki kidogo, akauliza kama mashine ina magurudumu chini. Nikajibu sijui. Ninajua. Inayo manne.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya, hesabu nzuri.

Asubuhi mwalimu katuma barua: binti alipiwe elfu kumi na tano au abaki nyumbani. Ada ilikuwa na nane. Ikakopa saba kwa Chakula. Mchana kinyozi akanidai mbele ya wateja wanne, kwa tabasamu, kitambaa begani. "Jirani, si kwa ubaya." Wateja wote wakageuka. Ilibidi nifungue bahasha ya sita papo hapo, nikaiita Heshima. Haikuwa na kitu, ikakopa elfu sita kwa Taratibu. Nikamlipa noti mpya, moja moja, nikizihesabu kwa sauti. Hakuona haya hata kidogo. Alizihesabu tena.

Mauzo elfu kumi na moja. Nikafunga mlango, nikapiga mahesabu. Pesa taslimu: elfu ishirini na saba. Vikaratasi, pamoja na riba: elfu ishirini na tatu, mia tisa na themanini. Jumla elfu hamsini, mia tisa na themanini!

Nikarudia mara tatu. Jana asubuhi nilikuwa na arobaini na nne. Nimelipa wino, nimelipa shule, nimelipa kinyozi, na bado nimeongezeka karibu elfu saba. Pesa yangu inazaa ndani ya droo! Miaka thelathini shemeji kakaa kwenye chama cha mikopo, na hili hakuliona.

Nyumbani mke wangu aliuliza kwa nini nachekacheka peke yangu. Anaoka mikate kwenye oveni ya kuazima, na mwezi huu ni zamu yake ya upatu. Miaka miwili ameisubiri anunue oveni yake. Nilitaka kumwambia. Nikala mkate.

Ijumaa, 7 Juni

Nimempelekea Bwana Taratibu bahasha zote sita. Pesa taslimu, na vikaratasi kama malipo ya awali, kwa sababu vinaongezeka kila siku.

Alivaa miwani. Alisoma kimoja kimoja. Akauliza kwa upole mkubwa: "Ndugu yangu, huyu Ada akishindwa kumlipa Chakula, mimi nimkamate nani?"

Nikaeleza. Akasikiliza hadi mwisho, hilo lazima nilikiri. Kisha akanirudishia kila kitu na kusema pole. Akasema ningekuja Jumanne na elfu thelathini na mama wa nyumbani, angenipa wiki kumi. Huwapa wote wanaokuja wawili, maana deni lililojulikana nyumbani hulipwa. Ila sasa mkokoteni ameshaulipia, na mnunuzi wa mashine yupo.

Mnunuzi yupo! Nilirudi kwa miguu. Kiatu kimoja kilikuwa kinalia njia nzima, sikukumbuka hata kuona aibu.

Chumbani nilipangusa kioo cha mashine. Nikatoa nakala moja ya karatasi tupu, niisikie tu inavyofanya kazi. Hiyo ni hasara ya karatasi, nimeiandika.

Jumamosi, 8 Juni

Saa tano na nusu walifika. Mkokoteni, wapagazi wawili, kamba. Bwana Taratibu na saa yake mkononi. Saa sita kasoro dakika kumi wakachomoa waya ukutani. Ile taa ndogo ya kijani ikazimika. Nikakaa juu ya rimu.

Mashine ilikuwa imefika kizingitini, mpagazi mmoja nje na mmoja ndani, mke wangu alipotokea. Nyuma yake shemeji. Nyuma ya shemeji kinyozi, msaliti yule, mkasi mkononi. Ndiye aliyekwenda kumwambia. Nani alimtuma?

Mke wangu alimsalimia Bwana Taratibu, akaomba wapagazi waishushe. Akahesabu laki moja na themanini juu ya kifuniko cha mashine. Noti za upatu, bado zina mpira. Bwana Taratibu akampa risiti na kusema asante, mama. Kumbe anajua neno jingine.

Kwangu hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga. Alisema, "Elfu kumi na tano kila Jumamosi. Wiki kumi na mbili." Akachukua bahasha zote na ufunguo wa droo. Mlangoni akageuka. "Ungeniambia tu, baba." Akaenda kurudisha oveni ya watu; muda aliopewa ulikuwa umekwisha.

Jumapili, 9 Juni

Nadaiwa na mke wangu. Ndani ya nyumba yangu! Nimeomba pesa ya sabuni ya kunyolea, akaniuliza ya nini. Kinyozi kanisalimia "shikamoo mla oveni", na watu wakacheka. Binti kanitazama kama mtu aliyetoka hospitali.

Ushauri wa shemeji ni mzuri, nakubali, ila hausemi mwanamume afanye nini wiki kumi na mbili.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepata. Ni rahisi mno, nashangaa sikuona. Tatizo langu si deni. Tatizo ni nani ananidai.

Na mashine haidaiwi na mtu. Imekaa tu pale, safi, huru kabisa.

Jumanne, 11 Juni

Bwana Taratibu alinipokea kwa chai. Aliyelipa kabla ya saa sita ni mteja mzuri, alisema. Akauliza kama mama anajua. Nikamwambia nataka kumshtukiza. Akasema pole, akafungua daftari. Laki moja na themanini mkononi, laki mbili na sabini mwezi wa nane, dhamana ileile.

Jioni nikaziweka zote mezani mbele ya mke wangu. Wiki kumi na mbili nimezimaliza kwa siku tatu! Akauliza nimezitoa wapi. Nikasema nimebana matumizi. Alizihesabu mara mbili, akachukua kanga yake na kwenda kununua oveni kabla sijapata wazo jingine.

Deni la nyumbani: sifuri. La mwezi wa nane sijaliandika, ni la mwezi wa nane.

Oveni imeshafika. Kubwa, mpya, imelipiwa yote. Nimeitazama kwa muda. Kitu cha thamani hiyo, kazi yake iwe mikate tu?