Ombi la Kumwondoa Lemburis na Kiti Chake Pembeni mwa Uwanja

Timu ya Mpira wa Miguu ya Tingatinga,
Moshono,
Arusha.
Jumatano.

Kwa Mzee Yiamat,
Baba Mdogo wa Mshambuliaji Wetu,
Olkokola.

Mzee wetu mheshimiwa,

YAH: KUMCHUKUA MWANAO LEMBURIS KABLA YA JUMAPILI

Shikamoo. Natumaini wewe, nyumba yako na mifugo hamjambo. Mimi ni mzima, ila moyo hauna raha. Naitwa Abdulsalam, katibu wa timu, yule mfupi uliyemkuta akipiga chokaa mistari ya uwanja siku ulipokuja kumchukua Lemburis. Siku ile ulitueleza kwa upole kwamba mtu aliyeumia hatakiwi kukaa mjini akila chipsi. Ulitaka aende orpul, kule porini ambako wanaume huchinja, hula nyama na kunywa supu ya mizizi mpaka nguvu zirudi. Tukakukatalia. Kocha Brayson alisema nyota akikaa pembeni, hata akiwa mgonjwa, wenzake wanapata moyo.

Mzee, njoo umchukue. Jumapili tunacheza fainali na Radi, timu ya Maji ya Chai. Tangu timu yetu iundwe haijawahi kufika fainali ya kitu chochote. Zawadi ya mshindi ni dume la ng'ombe, na kwa hali ninayoiona, dume hilo litapakiwa kwenye gari kwenda Maji ya Chai huku sisi tukilisindikiza kwa macho. Sababu zangu ni hizi:

1. Kuhusu kuumia kwenyewe. Lemburis hakuguswa na beki yeyote. Alifunga bao, akashangilia kwa kuruka juu kama mlivyomlea huko nyumbani, na kuruka kulikwenda vizuri kabisa. Kazi ilikuwa kwenye kutua, ndipo kifundo cha mguu wa kulia kikateguka. Nilipokuonyesha ile video kwenye simu yangu, ulisifu kwanza urefu aliofikia, ndipo ukauliza habari za mguu. Simlaumu mtu. Naandika tu ijulikane kwamba malezi nayo yamechangia.

2. Kuhusu mbinu. Timu yetu ina mbinu moja, nayo ni kumpa Lemburis. Kipa akipata mpira anampa Lemburis, beki akibanwa anampa Lemburis, na Lemburis siku zote yuko kushoto, karibu na kibendera cha kona. Sasa kocha, kwa nia njema, ameweka kiti chake cha plastiki kushoto kulekule, nje kidogo ya mstari, ili apate kivuli cha migomba. Matokeo yake vijana wanampa. Ni pasi nzuri, za chini, zenye adabu, zinamfikia miguuni akiwa amekaa. Yeye anautuliza mpira kwa mguu mzima, watu wanapiga makofi, kisha mwamuzi anawapa wapinzani warushe.

3. Kuhusu Solomoni, aliyechukua nafasi yake. Ni fundi wa kuchomelea mageti, kijana mwenye shuti la kuogopesha. Lakini kila akifika golini anageuka kwanza kukitazama kiti. Lemburis akiinamisha kichwa, anapiga. Akikitikisa, anaacha. Wakati kichwa kinaamua, kipa wao keshajipanga. Majuzi Lemburis alikuwa anafukuza nzi tu. Solomoni akaelewa amekatazwa, akaurudisha mpira mpaka kwa kipa wetu.

4. Kuhusu mashabiki. Wamegeuza mabenchi yao yaelekee kiti. Tulipowafunga Simenti, timu ya Engutoto, bao la kwanza, upande mzima wa kushoto hawakuliona kwa sababu Lemburis alikuwa anamiminiwa chai. Mke wangu Hafidha aliniuliza nyumbani nani alifunga, na alikuwepo uwanjani tangu mwanzo. Nilipomuuliza alikuwa anatazama nini, akanieleza habari za ile chai mpaka idadi ya vijiko vya sukari.

5. Kuhusu mavazi. Anakuja na jezi yake kamili namba tisa. Mguu wa kulia una bandeji, na wa kushoto una kiatu cha mpira, kamba zimekazwa barabara. Nilimwuliza kwa nini avae kiatu mtu ambaye hachezi. Akanijibu kwamba mguu wa kushoto haujaumia. Mzee, nilirudi zangu kwenye ndoo ya chokaa.

6. Hili naliandika kwa uchungu. Mabeki wawili wa Simenti, watu wazima wenye vifua, walisimama karibu na kiti chake kipindi chote cha kwanza wakimkaba. Walikuwa wamesikia ameumia, lakini wanaamini bandeji ni ujanja wetu na kwamba wakati wowote atainuka. Mmoja alifikia kumwekea mkono begani. Kwenye nusu fainali mambo yakawa yaleyale, wawili tena, wakimzibia mgonjwa hewa. Nilimlalamikia mwamuzi. Akasema hajaona sheria inayokataza kumkaba mtu aliyekaa kwenye kiti. Ni kweli mechi zote mbili tulishinda, kwa sababu Solomoni alikuta katikati hakuna mtu, lakini ushindi si kila kitu. Ni lini mgonjwa amewahi kupona huku anakabwa?

7. Kuhusu tunakoelekea. Tukiendelea hivi, Jumapili pasi zote zitakwenda kwenye kiti, Solomoni atasubiri ruhusa, mashabiki watasubiri chai, na mwisho mwamuzi naye atakwenda kumwuliza Lemburis kama ile ilikuwa penalti. Itakuwa fainali ya mtu mmoja aliyekaa. Kocha Brayson nimemweleza haya yote. Alinisikiliza vizuri, kisha akaagiza kiti kiongezewe mto.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, umpeleke orpul ya mbali kuliko zote mnazozijua, ambako simu haishiki na wanawake hawafiki, maana na Hafidha namjua. Mpeni supu chungu mpaka asahau mpira una umbo gani. Nakuomba uondoke na kiti pia, kwa sababu kikibaki vijana watakipa pasi kikiwa kitupu. Nimezungumza na mwenye kiti, Mama Theresia wa mgahawani, naye amekubali alimradi kisirudi kinanuka mafuta.

Mzee wangu, nisikufiche. Hili kombe nalitaka. Uwanja ule nimeupiga chokaa kwa miaka mingi, nikiwatengenezea wageni mistari ya kutufungia. Kila fainali ya kata hii nimeitazama nikiwa na ndoo mkononi, na walioshinda wakipiga picha huniambia nisogee pembeni. Mara hii nataka nami niwe ndani ya picha, karibu na ng'ombe ikiwezekana. Nampenda Lemburis kama mdogo wangu, na ninaumia kumwandikia mzee wake maneno haya. Lakini kama ananipenda na yeye, akapone mbali.

Nisalimie mama, nisalimie Sinyati, dada yake Lemburis, na watoto wote, mchungaji wa usharika wenu, majirani wa ng'ambo ya korongo, na yule mbwa mweupe uliyekuja naye siku ile, ingawa hatukuachana vizuri. Hafidha anawasalimu. Kocha Brayson angewasalimu kama angejua nimeandika.

Nikitumaini ombi langu litafika kabla ya Jumapili,

Wako mtiifu,
Abdulsalam Shabani,
Katibu, Tingatinga.

Nyongeza, Ijumaa.

Mzee, barua ilikuwa bado mfukoni jana tulipocheza mechi ya kujipima na wauza mitumba. Bahati ikawa Lemburis amekwenda kliniki, na Mama Theresia alikihitaji kiti chake kwa ajili ya wateja. Nikafurahi, nikasema sasa watu wataona. Tumeona. Tumefungwa manne, na watu ambao nusu yao walicheza na suruali za jinzi. Mabeki wao, kwa kuwa hawakuwa na kiti cha kukaba, walimkaba Solomoni wote kwa pamoja mpaka akaomba kutoka. Vijana wetu hawakuacha kupiga pasi palepale kilipokuwa kiti, na sasa maharage ya watu nyuma ya migomba yamelala chini. Kipa wetu alikuwa karibu kulia. Nami pia.

Kwa hiyo yote niliyoandika kuanzia namba moja mpaka saba tafadhali yasome kama salamu tu. Usimchukue. Ng'ombe wa orpul abaki zizini kwanza. Daktari wa kliniki amemfungua bandeji na kusema atembee taratibu, asikimbie, lakini nimemwomba Lemburis asitembee mbele ya watu, na bandeji nimemfunga nyingine mwenyewe, kubwa zaidi, mpaka gotini. Kiatu cha kushoto nimekipiga rangi.

Nina ombi moja tu lililobaki. Jumapili uje wewe mwenyewe, na shuka lako na fimbo, ukae karibu naye. Kila baada ya muda kidogo mwinamie umnong'oneze kitu sikioni, hata kama ni habari za majani na mvua, halafu nyote wawili mtazame golini kwao. Naamini tutamvuta na beki wao wa tatu.