Ombi la Sakafu ya Kutambalia

Stesheni ya treni, Kolwezi
Tarehe 12 Juni 1993

Kwako Tata Stany Mwenze,
Kiongozi wa kamati ya mtaa, Kapata,
katika nyumba ya kona iliyokuwa yetu.

Tata mheshimiwa,

Nakuandikia kwa heshima zote nikiwa nimeketi juu ya sanduku la bati. Karatasi iko juu ya goti moja kwa sababu goti la pili lina mtoto. Mimi ni Mbelu, mke wa Kalala fundi wa umeme, jirani yako wa miaka sita. Najitambulisha kwa kuwa siku ile ulipotuandika katika daftari lako uliniuliza jina langu, nami nikaona kwamba kazi za uongozi zimekupunguzia kumbukumbu.

Sikulalamikii nyumba. Nyumba umekwisha kuimeza, na mtu hatapiki kwa barua. Kitanda pia kilalie, na cherehani waache mabinti zako washonee. Malalamiko yangu yanahusu kitu kimoja tu, nacho ni sakafu, kwa sababu binti yangu Mwadi ametimiza miezi minane, amefika umri wa kutambaa, na hana pa kutambalia. Nimeyapanga kwa namba maana najua unavyopenda orodha.

1. Kuhusu sakafu yenyewe. Utakumbuka asubuhi ile ya mwezi wa tatu ulipokuja na vijana wako wenye filimbi. Vijana walibaki uani wakiimba kwamba Bakasai, yaani sisi wenye asili ya Kasai, warudi kwao. Wewe ulivua viatu mlangoni. Nilikuwa namnyonyesha Mwadi, na nikajisemea moyoni kwamba huyu angalau bado ana adabu. Ulisema kwa sauti ya upole, "Mama Mbelu, saa moja tu. Mubebe bya kubeba, bingine muache." Kalala akakuuliza turudi wapi, wakati yeye na mimi tumezaliwa hapa hapa Kapata, na baba yake aliletwa na kampuni ya migodi kabla baba yako hajashuka kutoka kaskazini. Ulimjibu, "Kwenu, Kasai. Mutapajua mukifika." Tulipokuwa tunafunga mizigo nilikuona umeinama, unafuta kwa leso alama ya mguu wa kijana mmoja aliyeingia na matope. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba viatu hukuvivua kwa ajili yetu. Ulikuwa unatunza sakafu yako.

Sakafu ile Kalala aliipaka nta nyekundu kila Jumamosi nilipokuwa na mimba, akisema mtoto wake hatakwaruza magoti. Mwadi aliondoka hapo akiwa na miezi mitano, hajui hata kukaa. Hakuitumia hata siku moja. Umeipata mpya, tata.

2. Kuhusu nafasi. Hapa stesheni tuna mkeka mmoja na nusu. Kushoto ni ukuta, mbele ni reli, kulia ni masufuria saba ya Mama Mbombo, mjane mzee ambaye naye alipewa saa moja. Tulidhani tutalala siku tatu, tukingoja treni ya Kasai. Wiki ya pili Mwadi alijifunza kujigeuza, na mara ya kwanza alipogeuka mkono wake uliingia katika sufuria la bukari, ugali wa Mama Mbombo, likiwa bado la moto, akalia mpaka jioni. Mwezi wa nne alijifunza kukaa, akiegemezwa na furushi la nguo. Mwezi wa tano ilikuja treni moja, ikajaa kabla hatujainuka. Kila jambo jipya analolijua mtoto huyu linataka nafasi ambayo mtu mwingine ameilalia. Nimemweleza asubiri. Hasikii.

3. Kuhusu jino. Limetoka, la chini, tarehe ishirini na mbili Mei. Hapa silalamiki. Nakuarifu tu ili uliandike, kwa kuwa uliandika kila kitu tulichotoka nacho, na hili halikuwamo.

4. Kuhusu neno bilulu. Vijana wako wanatuita hivyo, wadudu, na wewe mwenyewe ulilitamka mbele ya watu siku ya mkutano. Nimelifikiria neno hili kwa makini, maana hapa muda upo. Mdudu hutambaa siku anayozaliwa, wala hafundishwi na mama yake. Binti yangu ana miezi minane, na ukimlaza kifudifudi anatikisa makalio, anasukuma kwa mikono, anarudi nyuma. Basi ama sisi si bilulu, na kamati imekosea, ama Mwadi ni kilulu chenye kasoro, na hapo haifai kumfukuza pamoja na wazima. Naomba mkae mlizungumze. Nitangoja jibu kwa maandishi.

5. Kuhusu ziara yako. Ulikuja hapa Jumapili moja baada ya misa, kutazama kama tumekwisha kwenda. Ulikuwa umevaa koti la bluu la kazi la Kalala. Mwadi hajui mambo ya kamati, anajua koti. Alikunyooshea mikono yote miwili akisema, "Ma-yi, ma-yi." Ulirudi nyuma hatua moja, ukamwuliza Mama Mbombo, "Uyu mutoto anasema luga gani?" Nilikuonea huruma, kwa kuwa maji ni mayi kwenu na ni mayi kwetu, na sijui daftari lako linaliweka wapi neno la namna hiyo. Mama Mbombo alikujibu bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria, "Anasema kiu, tata." Ukaondoka bila kuaga. Maji hukuleta.

6. Hili ni fupi. Mama Mbombo alikuja hapa na mjukuu, mvulana wa miezi sita, aliyeachwa na binti yake marehemu. Kuhara kulimshika mwezi wa nne, na baada ya siku nne tulimzika. Tangu hapo bibi ameyapanga masufuria mahali mtoto alipokuwa akilala, asipaone patupu. Mkeka ule ungemtosha Mwadi kutambaa. Siwezi kumwomba ayaondoe. Ndiyo maana nakuomba wewe, kwa kuwa kukusumbua wewe hakuniumizi.

Kwa hiyo naomba uibomoe sakafu ya sebule, uikate vipande, utuletee hapa, tutaipanga wenyewe. Kama nyundo hazipatikani, basi umruhusu Mwadi aje kutambaa Kapata kila asubuhi, saa mbili hadi saa nne. Aje peke yake, kwa kuwa wageni ni mimi na baba yake. Yeye hajajua bado Kasai iko upande gani. Wewe utamwangalia tu asikaribie jiko. Na kama hilo nalo ni zito, tumia mamlaka yako utoe tangazo lenye mhuri kwamba watoto wote walioko stesheni wamekatazwa kukua mpaka treni ije. Umeweza kuamuru mtaa mzima uhame kwa saa moja. Sidhani kwamba goti la mtoto litakushinda.

Unisalimie Mama Godelieve, mke wako, na umwambie mlango wa jikoni haufungi mpaka uuinue kidogo. Uwasalimie watoto wako wote watano. Uwasalimie wajumbe wa kamati kwa vyeo vyao. Uwasalimie na wale vijana wa filimbi, pamoja na mama zao, ambao nadhani nao waliwafundisha kutembea mahali fulani.

Ni mimi jirani yako wa zamani, ninayeujua kila ufa wa nyumba yako,

Mbelu, mama Mwadi

Nyongeza, tarehe 16 Juni. Barua hii imekaa siku nne kwa kukosa mtu wa kuifikisha Kapata. Katika siku hizo mambo yamebadilika, nami sipendi kukupa habari ya uongo. Jumatatu asubuhi, baridi ikiwa bado kali, Mama Mbombo aliinuka bila kuombwa na mtu, akaanza kuyaondoa masufuria, moja moja, akayapanga ukutani. Nilimwambia, "Mama, acha." Akaendelea. Alipomaliza la saba aliketi mwisho wa mkeka, akagonga saruji kwa kiganja. Mwadi alimtazama sana. Kisha akainua makalio, akaenda, na safari hii alikwenda mbele. Alipomfikia bibi hakusimama, akampita. Mama wa upande wa pili akavuta beseni lake, mzee mmoja akakunja miguu, wengine wakasogeza mafurushi, ikawa njia kutoka ukutani petu hadi kwenye nguzo ya kengele, na watu ambao sijawahi kusemezana nao wanamwita kutoka kila upande. Magoti yamekwaruzika yote mawili. Hakulia. Nililia mimi.

Kwa hiyo sakafu baki nayo. Treni imeingia jana jioni, Kalala ametushikia nafasi katika behewa la tatu, na Mama Mbombo anakwenda nasi. Kopo la nta liko juu ya kabati la jikoni, nyuma kabisa. Paka Jumamosi, kidogo tu, kisha usugue kwa gunia kavu mpaka uone haishiki mkono. Mtoto wenu wa mwisho alizaliwa mwezi mmoja na wangu, atakuwa naye anaanza, na nta ikizidi atateleza.