Jiwe la Msingi la Ukoo wa Bilinganya

Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa, ambaye hakufika. Mheshimiwa mwakilishi wake, ambaye amefika lakini yuko jikoni anaonja. Kuhani wetu mtukufu, mlinzi wa saa njema. Waheshimiwa wazee wa baraza la Kottavanka. Wajomba, mashangazi, mashemeji na wakwe wa pande zote. Akina mama mliokesha mkijaza viungo kwenye bilinganya. Vijana mliopanda ukutani, shukeni. Na wewe fundi wa kipaza sauti, hebu kiambie kiache kupiga mluzi. Nawasalimu kwa niaba ya Kamati Ndogo ya Uratibu, Utafiti na Uendelezaji wa Majina ya Nyumba, ambayo mwenyekiti wake ni mimi, katibu wake ni mimi, na mjumbe wake ambaye hajawahi kukosa kikao, nadhani mmeshamjua. (Makofi. Mtu mmoja anacheka peke yake, ananyamazishwa.)

Kwa wachache wasionifahamu, naitwa Vankayala Venkata Surya Lakshmi Narasimha Rao. Jina la nyumba limetangulia, kama desturi yetu Watelugu inavyotaka, kwa kuwa mtu akiitwa mbele za watu ni lazima ijulikane kwanza katoka nyumba gani, halafu ndipo tuhangaike na yeye mwenyewe. Na jina hili, ndugu wananchi, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu shirikishi na jumuishi ulioendeshwa na kamati yangu katika ngazi zote, halina uhusiano wowote, narudia, wowote, na mboga ile ya zambarau, bilinganya, ambayo kwa lugha yetu ni vankaya. (Minong'ono.) Linatokana na mfalme mmoja mkuu wa kando ya mto Godavari, shujaa wa vita, mwenye tembo wengi, ambaye jina lake bado tunalitafuta.

(Bibi Atchamma, mstari wa mbele: "Ni mboga! Babu wa babu yangu alilima bilinganya pale penye mfereji, watu wakamwita wa bilinganya, basi!")

Bibi, shikamoo, maoni yako yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. (Kicheko.) Tuendelee na takwimu. Katika wilaya hii, kati ya kila watu wawili, watatu ni Vankayala. Tuko Kakinada, tuko Vizag, tuko Hyderabad tunatengeneza kompyuta, tuko Marekani tunawatengenezea Wamarekani kompyuta zao na kuwauliza kwa nini bilinganya zao ni kubwa hivyo na hazina ladha. Umaarufu wa jina letu, tangu nilipoteuliwa, umepanda kwa asilimia mia moja na kumi na mbili, na wachambuzi wanakubali kwamba ongezeko hilo limechangiwa kwa kiasi kikubwa na kuzaliwa kwa wajukuu zangu. (Makofi. Ngoma inapigwa kwa makosa.)

Sasa nije kwenye ajenda nyeti. Mtoto wetu Hymavathi, binti wa ndugu Vankayala Dharmaiah, yule pale mwenye sari ya kijani, usijifiche binti. Na kijana wetu Phanindra, fundi wa pampu kutoka kijiji cha juu ya mfereji, naye ni Vankayala. Wamependana. (Miluzi kutoka ukutani.) Shukeni, nimesema! Wote mnajua kwamba wa jina moja la nyumba ni kaka na dada, na kaka na dada hawaoani. Ndipo kamati yangu, kwa moyo wa uzalendo, ikasema: msifanye lolote, tulieni, tutachunguza kama Vankayala wa huku na Vankayala wa kule walitoka tumbo moja au matumbo mawili, na ripoti itasomwa. Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Nafahamu pia kwamba ndugu Dharmaiah ametoa tamko kuwa ripoti isiposomwa leo, kesho binti anachumbiwa na meneja wa mashine ya mpunga wa Tanuku, bwana ambaye jina lake la nyumba halina tatizo, ingawa yeye mwenyewe, nasikia, ana matatizo ya kutosha.

(Dharmaiah: "Basi soma ripoti, Mheshimiwa!" Umati: "Soma! Soma!")

Ripoti iko katika hatua za mwisho za awamu ya mwanzo. (Miguno.) Naomba utulivu! Ripoti haiwezi kuandikwa bila Taasisi ya Majina ya Nyumba, Taasisi haiwezi kujengwa bila jiwe la msingi, na jiwe hilo hapo, limefunikwa kitambaa, limevishwa maua, mbele yake nazi, manjano na mchele, na utepe wa njano ambao nitaukata mwenyewe kwa mkono huu. Hymavathi, mwanangu, usilie. Miaka mitano ya ujenzi si mingi. Ghorofa nne, ukumbi wa mikutano, lifti! Bibi Atchamma atapanda lifti!

(Bibi Atchamma: "Kwenda wapi?")

Mimi sibabaishi, ndugu zangu. Hakuna mtu anayelielewa jina hili kunizidi. Mimi ni Vankayala kwa baba, na mke wangu mpendwa Suryakantham, aliyekaa pale, naye alizaliwa Vankayala, hivyo nyumba yangu ni Vankayala mara mbili, pengine ndiyo pekee katika jimbo zima! (Watu wanatazamana. Mtoto analia, anaacha mwenyewe.)

(Bibi Atchamma anasimama: "Heee! Sasa wewe ulimwoaje dada yako?")

Swali zuri sana, nalo linaonyesha jinsi wananchi wangu walivyoamka. Ilikuwa ni suala dogo tu la kiutawala. Alhamisi mjomba wake alimpakata mbele ya kuhani, akamfanya mwanawe wa kumlea, akawa binti wa nyumba ya mjomba, yenye jina jingine. Ijumaa mjomba akanikabidhi mkono wa binti, nikaoa. Kupakatwa kwenyewe hakukufika nusu saa. Huo ndio ubunifu, ndugu wananchi, huo ndio uongozi wenye maono...

(Gummadi Appalaswamy, mjomba wa Hymavathi, kaka wa mama yake, anaruka juu ya kiti: "Si ndivyo nilivyosema mimi mwaka juzi? Si ndivyo nilivyosema? Ukaniambia nisiingilie mchakato, nisubiri ripoti!")

Mjomba Gummadi, keti, utaratibu wa kuchangia... (Kelele.) Dharmaiah, mwambie shemeji yako akae. Dharmaiah? Mbona na wewe umesimama? Kuhani, mbona unatazama saa yangu?

(Kuhani: "Saa njema ya kuweka jiwe ni njema pia kwa harusi. Imebaki kidogo tu. Nani ana sukari guru ya kuwawekea maharusi kichwani?" Jikoni: "Ipo! Na bizari nyembamba ipo, tunatwanga!")

Ndugu wananchi, jikoni ni eneo la serikali kwa siku ya leo! Mjomba, usimpakate huyo binti kwenye kiti changu. Haya, amempakata. (Vigelegele.) Naambiwa sasa ameshakuwa Gummadi. Jamani, jina hilo maana yake ni boga! Mtoto katoka bilinganya kaingia boga, bila kibali cha kamati! (Kicheko cha uwanja mzima, Hymavathi naye anacheka, machozi hayajakauka.) Phanindra, kijana, rudisha shada langu la maua. Nimevishwa mimi hilo. Rudi... basi, limekupendeza. Huyo nani anakata utepe? Utepe nakata mimi! Wanaufungia kipande cha manjano, wanamfunga binti shingoni kama uzi wa ndoa! Mheshimiwa mwakilishi, fanya kitu! (Mheshimiwa mwakilishi anatoka jikoni na sinia, anarusha mchele wa manjano. Umati unarusha. Mwingine unaingia kwenye kipaza sauti. Suryakantham anarusha mara mbili, zote kwa mumewe.)

Hongereni. Nasema hongereni, maana hii nayo itaingia kwenye mafanikio ya kamati, robo hii ya mwaka. Tafadhali msielekee kwenye majani ya mgomba yenye chakula, bado nina kurasa kumi na moja. Bibi Atchamma, hata wewe? Haya, nihitimishe. Vankayala oyee! (Sauti za kula.) Taasisi kwanza! (Sauti: "Ongeza bilinganya huku!") Ripoti ni haki yetu!

Nawashukuru kwa ukarimu, kwa maua, na kwa kunisikiliza, wale mlionisikiliza. Na kabla sijaja kukaa na ninyi, maana harufu hiyo inanisumbua tangu asubuhi, nawaomba vijana wanne wenye nguvu, ninyi wa ukutani, sasa shukeni kweli, mlibebe hilo jiwe taratibu mlirudishe kwenye gari langu, msifute maandishi ya zahanati yaliyo upande wa nyuma, kwa sababu kesho ninaliweka kijiji kingine.