"The" Iliyotunyima Tangi

Kitengela,
14 Septemba 2000

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za mtu aliyeonewa. Mimi ni mwalimu na Mwandishi wa Kamati ya Maji ya shule yetu ya chekechea hapa Kitengela. Mwezi wa sita tuliiandikia kampuni ya Enkare Plastics, kwa Kiingereza, kuomba tangi moja. Hadi leo, kimya. Watoto huja darasani na chupa za maji kutoka nyumbani, na asiye nayo hunywa ya jirani. Najua kilichotuponza.

1. Niliandika "The Enkare Plastics". Kampuni yenye lori tisa haiitwi kavukavu. Soipan, mweka hazina wetu, msichana aliyemaliza chuo majuzi, akaifuta "The" yangu mbele ya kamati nzima. "Mwalimu, hii kampuni iko na jina yake," aliniambia. "Haihitaji kofia."

2. Nilimweleza kwa upole kwamba katika mazungumzo, mtu akiwa sokoni, aseme Enkare tu, simkatazi. Hata mimi nyumbani navaa malapa. Lakini barua ni ugeni, na ugenini mtu huvaa viatu. Kamati ilicheka. Mke wangu, ambaye pia ni mwanakamati, alicheka kuliko wote.

3. Tulibishana vikao vitano. Mzee Saning'o, aliyetuazima punda wa kuteka maji tukiendelea kujadiliana, alimchukua punda wake kikao cha nne.

4. Tulipiga kura. Nilipata moja, ingawa niliinua mikono miwili.

Basi barua ikaenda bila "The", na mkurugenzi bila shaka akaitupa. Niliipeleka posta mwenyewe, maana Soipan sikumwamini hata na stempu.

Naomba Serikali isajili upya kampuni zote zikiwa na "The", Soipan aniombe radhi kwa maandishi, nami nirudishiwe heshima yangu, kama ilikuwepo.

Wasalimie wapiga chapa, wauza magazeti, na wote wanaofungia sukari gazeti lenu.

Wako anayengoja haki,
J. Nalianya

Nyongeza: Nimevaa koti langu la vikao ili niende posta. Sijalivaa tangu mwezi wa sita. Mfukoni mna barua yenye stempu. Ni ile ya Enkare. Nimeona haya, Mhariri. Watoto wamekaa miezi mitatu na kiu kwa sababu yangu. Soipan amesimama mlangoni, ameiona, hacheki. Amenyoosha mkono tu. Nikimaliza mstari huu nitampa barua zote mbili. Hii ikikufika, ujue ameituma ili kunianika, hajanisamehe.