Jinsi Simu ya Mama Flaviana Ilivyovuka Kinamba Ikiwa Kavu

Sogeeni, enyi wakazi wa vilima na mabonde, mlioketi na mliosimama, nanyi mnaongoja mvua ikatike chini ya mapaa ya watu. Zimeni redio na mtege masikio, kwani yatasimuliwa hapa makuu aliyoyatenda Ntare wa Kagugu, mzaliwa wa Karagwe, karani wa ramani, mpanda baiskeli ya kijani, siku alipoibeba simu ya mama mkwe wake kutoka Rwezamenyo hadi Kagugu katikati ya masika. Wapo waliotenda makubwa zaidi, hatukatai. Lakini wao hawakuwa na Mama Flaviana nyumbani.

Ijulikane kwamba Mama Flaviana wa Ngara alikuwa ameingia Kagugu wiki tatu kabla, kumsalimu binti yake, akiwa na hazina mbili: simu yake, na kiroba cha mchele wa Kahama, ule ambao ukipikwa nyumba moja hapa Kigali, harufu huwafikia jirani wa nyumba ya nne. Kiroba kile alikisimamisha nyuma ya mlango wa chumba chake, akakifunga kamba kwa mafundo matatu, akatangaza kwamba hakitafunguliwa mpaka apatikane mtu wa kumfungulia. Wiki tatu Ntare alikula ugali na maharage akiupita mlango ule. Jina lake mama hakulitaja hata siku moja. Alimwita "huyo bwana wa baiskeli", kwa kuwa alikuwa ametegemea mkwe mwenye gari.

Sasa sikieni habari ya simu. Mzee Thomas, mumewe, aliyebaki Ngara kulinda migomba, hana simu. Kila Jumamosi, saa kumi na moja jioni kwa saa za Kigali, huazima ya yeyote atakayemkuta senta, akabonyeza namba moja tu anayoijua kichwani. Jumamosi iliyopita simu ya mama iliita, lakini kioo kilikuwa kimepasuka na kidole hakikushika kitu. Ikaita, ikaita, ikanyamaza mkononi mwake, naye akaketi kitandani akalia. Mzee angekosa kujibiwa mara ya pili, angeamini amefiwa. Ndiyo maana Ntare, aliyekisikia kilio kile kupitia ukutani na kikamuuma, alijitokeza asubuhi ya Jumamosi hii.

"Mama," alinena, macho yameinama kama impasavyo mkwe, "niachie mimi. Kabla ya saa kumi na moja simu hii itakuwa mkononi mwako, imepona."

"Kwa baiskeli?" aliuliza Mama Flaviana.

"Kwa baiskeli, Mama."

"Haya," alisema, na akaenda kujilaza.

Huko Rwezamenyo, fundi Jean-Berchmans, mganga wa vioo, alimaliza kazi saa tisa na nusu. Akamkabidhi shujaa simu kwa mikono miwili, akahutubu: "Umva, mzee. Kioo ni mupya, lakini gundi haijakauka. Maji ikiingia hata kidogo, iko imekufa. Usikuje kunililia hapa." Hapo hapo, juu ya Mlima Kigali, mawingu yalijipanga safu kwa safu, meusi, yakapiga ngoma zao, na matone ya kwanza yakatua barabarani makubwa kama maharage. Pikipiki zote zikakimbilia vituo vya mafuta kujibanza. Baiskeli ya kijani ikabaki peke yake uwanjani.

Basi Ntare akaingia duka la Vestine, jirani na fundi, na ulimi wake uliolelewa Karagwe, ambako utoto wake wote kila kitu kilifungwa rambo, mfuko wa plastiki, kuanzia sukari hadi viatu vya Pasaka, ukamponza.

"Dada, nipe rambo moja nifungie simu."

Vestine akaegemea kaunta kwa viwiko vyote viwili.

"Rambo? We umetoka wapi? Hapa amasashi iko hapana, serikali ilikataza kitambo sana! Unataka wanifungie duka juu ya simu yako? Reka da! Kamata anvelopu."

Akampa bahasha ya kaki, nene, yenye heshima zote za ofisi. Ntare, ambaye kazini huona kila jambo zito likitiwa ndani ya bahasha ya kaki na kutoka salama, aliiamini. Akaitia simu humo, akaificha kifuani chini ya koti lake la mvua, deraya yake ya buluu, akapanda farasi wake wa chuma na kuuteremka mji kuelekea Kinamba, breki zikilia, maji yakimpiga usoni kutoka juu na kutoka chini. Koti lile, lililonunuliwa kwa kuangalia rangi, lilivujia shingoni. Alipofika bondeni aliingiza mkono kifuani, akakuta bahasha imekuwa uji.

Enyi mnaosikiliza, mioyo yenu isizimie! Simu ilikuwa na unyevu mgongoni tu, kioo bado kikavu. Saa ilikuwa kumi na robo, na mbele yake kulikuwa na mpando wa Gisozi, mrefu, usio na huruma. Ntare aliruka chini ya kibanda cha Trinah, mpika chapati aliyekulia Kampala, na macho yake yakaangukia juu ya meza, penye hotpoti nyekundu yenye mfuniko wa kubana, ngome ambayo hata mvuke hautoki.

"Dada," akanena, "niazime ngome hii. Nimebeba sauti ya mume wa mtu."

Trinah alimtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Ssebo, mimi nakujua? Hotpoti yangu itaenda hivi hivi? Acha jaketi. Ukileta hotpoti, unapata jaketi."

Ikawa hivyo. Shujaa alivua deraya yake katikati ya vita, jambo ambalo majemadari wenye akili hawalifanyi. Trinah akaifuta simu kwa kitenge chake, akailaza kwenye kitambaa kikavu juu ya chapati moja iliyobaki, akafunika, akagonga mfuniko kwa ngumi. Hotpoti ikafungwa kwa kamba nyuma ya baiskeli.

Na mpando ule wa Gisozi ni nani atausimulia? Mito myekundu ilishuka ikimkabili, lori likamwogesha, kisha la pili likamsuuza, mafundi seremala wa Gakinjiro wakasimama milangoni na kumshangilia, "Komera, mzee, komera!" Shati lilimganda, suruali ikawa nzito, magoti yakaomba suluhu akayanyima. Alikuwa akimwaza mzee mmoja huko Ngara, amesimama senta na simu ya kuazima sikioni, na hiyo peke yake ndiyo iliyomsukuma.

Saa kumi na dakika hamsini na saba alibisha mlango Kagugu. Mama Flaviana akafungua. Hotpoti ikafunguliwa mezani. Simu ikatoka, kavu, yenye joto, ikaita mkononi mwake.

"Baba Koku," alisema mama. "Nipo. Nipo, mume wangu. Hapana, siumwi. Kioo tu." Kisha akanusa. "Simu yenyewe inanukia chapati, sijui kwa nini."

Ni hapo Ntare, aliyesimama juu ya kidimbwi chake, alipokumbuka kwamba yeye naye ana simu. Akaitoa mfuko wa suruali. Ilichuruzika maji kwa muda mrefu, mbele ya mama mkwe, ambaye alimaliza maongezi, akamtazama yeye, akaitazama simu, akaingia chumbani. Ikasikika kamba ikifunguliwa. Fundo la kwanza, la pili, la tatu.

"Ntare, mwanangu," aliita, "ilete hapa."

Naye mama akaizika kwa mkono wake, mpaka kiwiko, katika mchele wa Kahama, uyanyonye maji yake.

Basi na ihesabiwe miongoni mwa siku kuu za mji huu, na wapanda baiskeli wawasimulie watoto wao. Simu ya Ntare haikufufuka. Lakini mchele ulipikwa Jumapili, na sahani ya kwanza alipakuliwa yeye.