Ombi la Kusogeza Shimo la Saba Lifuate Fimbo Zangu

Mwl. Jonathan Masele (Mstaafu),
Ilemela, Mwanza.

Kwa Bi. Justa Kija,
Mwenyekiti, Kamati ya Kiwanja,
Klabu ya Gofu ya Mwambani.

Ndugu Mwenyekiti,

Marahaba. Najua ungeniamkia kabla ya kufungua bahasha, kwa kuwa nilikufundisha hesabu darasa la sita, na adabu hukuisahau, ingawa kipeuo cha pili ulikisahau.

Kosa wanalofanya watu wengi ni kununua weji kwa kutazama inavyong'aa. Weji, kwa faida ya wajumbe wako wasiocheza, ni zile fimbo fupi za gofu ambazo uso wake umelala, za kuinua mpira na kuudondosha karibu na shimo. Mtu huzinunua kama viatu vya harusi, bila kuuliza uso wa fimbo zake nyingine za chuma umeishia kulala digrii ngapi. Hapo ndipo pengo linapoingia: fimbo moja inapitiliza, inayofuata haifiki.

Mimi sikufanya kosa hilo. Seti yangu ya chuma inaishia kwenye weji yenye herufi P, digrii arobaini na nane. Nikanunua ya hamsini na mbili, kisha ya hamsini na sita. Nne, nne, kama ngazi yenye vipago sawa. Nimeziandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mfuko wa fimbo. Kwa kuwa hesabu ni sahihi na mpira bado unaangukia ziwani, kilichobaki chenye makosa ni kiwanja.

Ningenyamaza, lakini Jumamosi ni Kombe la Wazee, wawili wawili. Shemeji yangu Shigela na mimi tumecheza pamoja miaka kumi na tisa. Jumapili iliyopita, mpira wangu wa tatu ulipozama, alisema mbele ya watu, "Shemeji, wewe sasa unalisha sangara." Watu wakacheka. Kisha akaenda kwenye orodha ya jozi ubaoni, akaandika kwa penseli jina la Dorotea pembeni ya langu, ili acheze naye badala yangu. Dorotea ni mchezaji mzuri, sina neno naye. Lakini orodha inafungwa leo saa kumi jioni, na sitaki kuanza kutafuta mwenzi mwingine katika umri huu. Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Shimo la saba. Mpira wangu wa kwanza hutua kila mara kando ya bomba la kumwagilia, zikiwa zimebaki mita tisini na tano. Mbele ya shimo kuna maji, nyuma kuna mwamba. Nikipiga kwa P, mpira unakwenda mita mia na tano, unagonga mwamba na kurudi kwa kasi zaidi kuliko ulivyokwenda. Nikipiga kwa ile ya hamsini na mbili, unakwenda mita themanini na mbili, chubwi! Naomba shimo lisogezwe mita kumi na tatu kuja upande wangu.

2. Udongo. Fimbo ina kisigino, yaani ile sehemu ya chini inayogusa ardhi. Mpigaji anayechimba anafaa kisigino kinene, kisimzamishe; anayefagia majani juu juu anafaa chembamba. Mimi nachimba. Nimelima pamba Magu tangu utotoni, na mkono uliozoea jembe hauwezi kuambiwa uzeeni kwamba sasa unafagia. Hata hivyo nilinunua visigino vyembamba, kwa sababu nilinunua mwezi wa Agosti, kiwanja kikiwa kikavu kama sakafu. Baadaye mvua zikanyesha bila taarifa, na sasa kila nikipiga natoa bonge la udongo la kutosha kupandia mchicha. Naomba kamati itunze hali ya Agosti mwaka mzima.

3. Ziwa. Utaniambia kwamba ombi la kwanza linaliweka shimo majini. Umeona vizuri, kumbe darasa la sita halikupotea bure. Ndiyo maana naomba ziwa lirudishwe nyuma mita ishirini. Silalamikii ziwa lote, maana nchi tatu zinalitumia. Nazungumzia kona yetu hii tu.

4. Shigela. Huyu bwana hainui mpira. Anauzungusha kandokando ya maji kwa fimbo namba nane, kama mtu anayeviringisha boga, na anafika. Weji yake yenye P anaangulia mapapai nyumbani kwake Igogo. Ushahidi ninao, mapapai yenyewe nimeyala. Naomba kamati ipitishe kanuni kwamba mtu asiyepiga hesabu asimcheke aliyepiga.

Nikijibiwa manne haya kabla ya Jumamosi, nitashukuru. Mkishindwa yote, anzeni na ziwa.

Nisalimie mumeo na watoto, Mzee Muharami wa getini, Najat wa jikoni ambaye chapati zake hazina pengo lolote, na wajumbe wote, hata wale wanaolala mkutanoni.

Wako katika kupima,
Mwl. J. Masele

Tanbihi: Nilipokuwa natafuta gundi ya bahasha, mke wangu Rose aliisoma barua hii. Aliingia stoo akatoka na kile kipimapembe cha mbao cha ubaoni, ambacho wewe ndiye uliyekivunja ncha, akailaza P yangu mezani na kuipima. Digrii arobaini na tatu. Karatasi yangu niliiandika kwa seti ya zamani. Hii mpya alituletea binti yetu Odeta Krismasi, na fimbo za siku hizi uso wake umesimama zaidi, ili mzee aone mpira unakwenda mbali ajisikie kijana. Ya zamani nilimpa Shigela. Ile arobaini na nane inayonizibia pengo, ya mita tisini na tano kamili, ndiyo inayoangua mapapai. Kwa hiyo shimo libaki, mvua inyeshe, ziwa likae lilipo. Visigino vinene nitavitafuta mwenyewe. Wewe fanya jambo moja tu. Leo, kabla ya saa kumi, mpigie Shigela simu umwambie aje na fimbo ya mapapai na ufutio wa penseli.